Mnyororo wa Maneno na Ekseli ya Nyuma

Kila siku akitoka shule, Honi alivua sare, akala wima kilichokuwa mezani, akaosha sahani yake nusunusu, kisha akatoka mbio kuelekea gereji. Mama alimsindikiza kwa maneno yale yale kutoka dirishani: "Taa za barabarani zikiwaka uwe umeshafika hapa! Sio ndiyo unaanza kuja. Umeshafika!"

"Sawa, mama!" Honi alijibu kwa ile sauti iliyompatia jina lake. Tangu akiwa mdogo hakuwahi kusema jambo polepole. Baba yake ndiye aliyeanza kumwita Honi kwa utani, mtaa mzima ukadakia, na sasa hata mwalimu wa darasa alijisahau akamwita hivyo.

Gereji ilikuwa ya shangazi yake, dada wa baba, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka magari rangi. Nyuma ya gereji kulikuwa na chumba kidogo chenye meza moja ndefu. Mchana kilikuwa stoo ya makopo ya rangi na karatasi za msasa. Jioni, kazi za wateja zikipungua, kiligeuka kiwanda cha magari madogo ya kuunda kwa mkono. Mabodi yalitengenezwa kwa bati la makopo, fremu kwa mbao nyembamba, na magurudumu kwa raba za ndala zilizochakaa.

Waliokaa mezani walikuwa watano. Shangazi mwenyewe alikuwa kiongozi. Plagi, mwanawe, alikuwa na miaka kumi na hakujua kutulia kitini. Alikuwepo pia jirani mmoja dereva wa basi, ambaye kila mtu alimwita Dereva tu. Huyo aliweza kukunja bati mpaka likawa kabini ya roli yenye milango inayofunguka. Babu Sponji, fundi wa kushona viti vya magari, alikuwa na kibanda chake upande wa pili wa barabara. Yeye ndiye aliyechanganya gundi. Na wa tano ni Honi, aliyekuwa na miaka kumi na miwili.

Mwaka uliopita Honi alikuwa akisugua msasa tu. Mwaka huu kundi liliunda roli kwa ajili ya maonyesho ya magari madogo, ambako kila gari lilipaswa kushuka mteremko likiwa na mzigo, lifike chini bila kung'oka kitu. Shangazi alimkabidhi Honi kazi ya ekseli ya nyuma, kile chuma cha kushikia magurudumu. "Ikishika, mwakani utaunda gari zima wewe mwenyewe," alimwambia. "Isiposhika, msasa unakusubiri." Honi hakutaka kuuona tena msasa maishani mwake.

Tatizo lilikuwa mnyororo.

Gundi ile ya kuchanganya kutoka tyubu mbili ilihitaji muda kukauka, na kundi lilikuwa na desturi yake ya kusubiri. Gundi ikishapakwa, kila mtu aliweka mikono juu ya meza na mchezo ulianza. Mmoja alitaja kitu cha gereji au cha kazi ya kuunda. Anayefuata alitaja kingine kinachoanza na silabi ya mwisho ya neno lile, na hivyo hivyo kuizunguka meza. Kila mzunguko ukikamilika, Shangazi alihamisha nati moja kutoka kopo la kushoto kwenda kopo la kulia. Mtu akishindwa, mnyororo umekatika, mzunguko hauhesabiwi, mnaanza upya. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa gari mpaka kopo la kushoto liwe tupu.

"Kwa nini tusitumie saa?" Honi aliwahi kuuliza.

"Ukitazama saa, mikono inawasha," Shangazi alimjibu. "Utagusa tu. Ukicheza, unasahau."

Honi hakusahau hata siku moja. Mikono yake iliwasha vile vile, na juu ya hayo alikasirika. Aliyemkasirisha zaidi alikuwa Babu Sponji, aliyeketi baada yake mezani. Mzee yule alikuwa hana haraka na dunia. Alipewa neno akafumba macho, akakuna kidevu, akahema, na kabla hajajibu alikuwa na kisa cha kusimulia.

"Breki," Plagi alianza siku ile ya Jumatano.

"Kioo," alijibu Honi, na palepale akajilaumu.

"O," alisema Babu Sponji. Alifumba macho. "O... Ooo..."

Honi alitazama dirishani. Jua lilikuwa limeshafika kwenye paa la jirani.

"Ololo!" alisema Babu hatimaye.

"Ololo ni nini, Babu?" aliuliza Dereva.

"Ni ule mlio wa gari la taka likipanda kilima. Hamjawahi kuusikia? Ololo, ololo, ololo..."

Plagi alicheka mpaka akadondoka kitini. Dereva alijifuta machozi, na Shangazi akakataa neno lile huku akicheka naye pia. Mnyororo umekatika. Nati haikuhama. Honi peke yake hakucheka. Alitamani kupiga meza ngumi.

Maana kila siku ilikuwa hivyo hivyo. Kopo lilipokaribia kuisha, taa za barabarani ziliwaka, naye akalazimika kuondoka. Kesho yake Plagi, aliyeishi pale pale, alimsimulia: "Jana tulifunga usukani, ukazunguka wenyewe! Jana tulijaribu milango!" Mambo yote matamu yalifanyika Honi akiwa nyumbani anaosha vyombo. Na kesho ilikuwa zamu ya ekseli yake. Aliapa moyoni kwamba hiyo ataiona ikibiringika kwa macho yake, liwalo na liwe.

Usiku ule aliwaza sana, akagundua jambo. Babu Sponji hakuwa mzito kila mara. Akipewa neno linaloishia na "o" au "ndo" alikwama. Lakini akipewa linaloishia na "ki" au "ma", alijibu kama risasi, kwa kuwa vitu vinavyoanza na silabi hizo vilimjaa kibandani: kiti, kisu, kitambaa, mashine, mafuta.

Kesho yake shuleni alimvuta Plagi pembeni wakati wa mapumziko.

"Wewe unakaa kabla yangu. Nirushie maneno mepesi, nami nimrushie Babu maneno mepesi. Tutamaliza kopo kabla jua halijazama."

"Huo si udanganyifu?"

"Sheria ipi inakataza? Nitajie."

Basi walifanya mazoezi mpaka kengele ikalia.

Jioni ile Babu Sponji alichanganya gundi kwa kijiti, akaigeuza na kuigeuza mpaka ikawa rangi moja. Honi aliipaka mwenyewe kwenye fremu, akalaza ekseli ya nyuma taratibu na kuinyoosha kwa rula. Ilikuwa kazi safi. Shangazi aliinama, akaitazama kwa jicho moja, akatikisa kichwa kukubali. Mikono yote ikawekwa mezani.

"Kabureta," alisema Plagi.

"Tanki!" Honi alidakia.

"Kiti!" alisema Babu, na mwenyewe akashangaa.

Mnyororo ulikimbia. Plagi alirusha, Honi alidaka, Babu alijibu kabla hata hajafumba macho. Dereva na Shangazi nao walipandwa na mori wakaongeza mwendo. Hakuna aliyekwama, hakuna aliyesimulia kisa, na hata kicheko hakikupata nafasi. Nati zilihama moja baada ya nyingine.

"Leo nimeamka vizuri!" Babu Sponji alisema huku macho yakimng'aa. "Nilidhani ubongo wangu umeshapata kutu, kumbe bado!"

Honi alitabasamu, lakini alikwepa kumtazama.

Kopo la kushoto likawa tupu, na nje jua bado lilikuwepo. "Haya, fundi wa ekseli," alisema Shangazi, "funga magurudumu yako."

Honi alichukua gurudumu la kwanza, akalisukuma kwenye ekseli. Hapo alihisi kitu chini ya kidole. Ekseli ilicheza kidogo, kama jino linalotaka kung'oka. Akaacha kusukuma. Aliwatazama wenzake. Shangazi alikuwa akisafisha brashi, Dereva akifunga mlango wa kabini. Hakuna aliyeona.

Alijua la kusema. Lilikuwa jepesi: "Shangazi, bado mbichi." Lakini angelisema, wangeanza upya, na taa za barabarani zingewaka, na Plagi angemsimulia kesho kama kawaida. Alikuwa amechoka kusimuliwa. Akainyoosha ekseli kwa kucha, akafunga magurudumu yote kwa mkono mwepesi, akanyamaza.

Roli tupu lilibiringika mezani kutoka mwanzo hadi mwisho. Wote walishangilia. Honi alifika nyumbani kabla ya taa kuwaka, na mama alimuuliza kama anaumwa.

Ijumaa ilikuwa siku ya kujaribu mzigo, na maonyesho yalikuwa Jumapili. Waliegemeza ubao kwenye ngazi za gereji, wakapakia mfuko wa mchanga mgongoni mwa roli. Honi alipewa heshima ya kuliachia. Alijiambia kwamba usiku mzima umepita na gundi lazima imeshika.

Gundi ilikuwa imeshika kweli, ila ilikauka pale ekseli ilipokuwa imeshachezeshwa, ikashika nusunusu. Roli lilifika katikati ya ubao, ekseli ya nyuma ikachomoka, magurudumu yakaenda njia yake na roli njia yake. Lilipinduka likaanguka kwenye sakafu ya saruji, na mfuko wa mchanga ukaiangukia kabini. Ile kabini ya Dereva, yenye milango inayofunguka, ikabonyea kama kopo lililokanyagwa.

Dereva alipiga magoti, akaiokota.

"Gundi gani hii?" alisema kwa hasira. "Nimekunja bati hili tangu likizo iliyopita! Nani alichanganya?"

Macho yote yakamgeukia Babu Sponji. Mzee aliinama, akakwangua mabaki ya gundi kwa kucha, akayasogeza karibu na miwani.

"Ni mimi," alisema. "Huenda nimezidisha ya tyubu moja. Macho haya siku hizi yananicheza shere."

"Hapana, Babu, inaweza kutokea kwa yeyote," alisema Shangazi.

"Isitokee tena." Babu alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. "Tafuteni mtu mwenye macho mazima. Samahani sana, Dereva, mwanangu." Akatoka taratibu, akavuka barabara kurudi kibandani kwake.

Plagi alimtazama Honi. Honi alitazama sakafu. Alijikasirikia, akamkasirikia Plagi kwa kumtazama, akaukasirikia hata mfuko wa mchanga. Halafu akaondoka bila kuaga.

Hakwenda nyumbani. Miguu ilimpeleka ng'ambo ya barabara. Babu Sponji alikuwa ameketi mbele ya cherehani na sindano mkononi, akijaribu kutunga uzi. Alikosa, akalamba uzi, akajaribu tena, akakosa. Alipomwona Honi aliiweka sindano chini haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja vizuri. Chukua hizi." Alitoa tyubu mbili za gundi kwenye droo. "Mpelekee shangazi yako. Mimi sizihitaji tena."

Honi hakuzipokea. Alifungua mdomo na yote yakatoka kwa mkupuo: maneno mepesi, mazoezi na Plagi, ekseli iliyocheza chini ya kidole, na jinsi alivyonyamaza. "Macho yako hayana kosa, Babu. Gundi ilikuwa nzuri. Ni mimi. Nisamehe."

Babu Sponji aliziweka tyubu juu ya cherehani, moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo jana," alisema mwishowe, "sikuwa nimeamka vizuri. Nilikuwa naendeshwa."

Honi alilia. Hakuna neno lililowahi kumuuma kama hilo.

"Basi, basi, futa machozi. Mimi nimekusamehe. Lakini hapa tuko wawili tu. Kule mezani bado mimi ndiye niliyevunja roli."

"Dereva ataniua, Babu."

"Atafoka. Kufoka hakuui. Twende."

Walivuka barabara pamoja. Shangazi, Dereva na Plagi walikuwa bado wanalizunguka roli kama watu wa msibani. Honi alisimama kwenye kichwa cha meza, akasema yote tena, na safari hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa Dereva alimtazama usoni mwanzo hadi mwisho.

"Na mimi nilimsaidia," alisema Plagi kwa sauti ndogo. "Maneno tu lakini! Ekseli sikujua."

Dereva alifoka kweli. "Ulijua ni mbichi ukanyamaza? Ukaniacha nimgombeze mzee wa watu? Afadhali ungeivunja kabini kwa nyundo, ningejua moja!" Kisha alimgeukia Babu Sponji, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, Babu. Nilikurupuka."

Shangazi hakufoka, na Honi aliona afadhali angefoka.

"Kumbe ndiyo maana," alisema Shangazi. "Nilihamisha nati zote, kopo likawa tupu, nikaridhika. Sikugusa gundi hata kwa ncha ya kidole. Hilo ni langu. Lakini wewe uligusa, Honi. Kati yetu wote ni wewe peke yako uliyejua."

"Ndiyo, Shangazi."

"Mnyororo wetu unakwenda polepole kwa sababu watu wanafikiri, wanakwama na wanacheka. Muda ule wote ndio unaokausha gundi. Ukiuondoa, nati ni vyuma tu vinavyohama kopo." Akavuta kiti cha Babu. "Babu, karibu mezani. Tunahitaji gundi."

Babu Sponji alivaa aproni yake.

Honi alikwangua gundi ya zamani kwa kisu mpaka vidole vikamuuma. Alisugua fremu kwa msasa, ule ule alioapa kutouona, akapaka gundi mpya, akalaza ekseli. Mikono ikawekwa mezani. Mnyororo ulianza, na ulikuwa wa kuchosha kama zamani. Babu alikwama kwenye "ndo", akasimulia habari ndefu ya kiti cha teksi kilichokutwa na jino la bandia ndani. Plagi alikwama. Dereva, ambaye bado alikuwa amekunja uso, alikwama pia. Honi alihisi mikono ikiwasha hadi kwenye mabega. Kopo lilikuwa bado na nati nyingi wakati taa za barabarani zilipowaka.

Alisimama. "Mama ananisubiri," alisema. "Nani atafunga magurudumu?"

"Yatafungwa," alisema Shangazi. "Nenda."

Alikwenda bila kugeuka nyuma. Alitamani mno kubaki. Nyumbani alimsimulia mama kila kitu, mama akamsikiliza, na vyombo vilikuwa vikimsubiri vile vile.

Jumapili ukumbi ulijaa watu na magari madogo ya kila aina, yaliyong'aa rangi mpya. Roli lao lilikuwa na kabini iliyobonyea. Dereva alikuwa safarini Jumamosi nzima, na hapakuwa na muda wa kukunja nyingine. Watu walipita wakacheka.

"Hili lilipata ajali njiani?" aliuliza mama mmoja mwenye filimbi shingoni, aliyekuwa mkaguzi wa maonyesho. "Nani anawajibika?"

Shangazi alipangusa vumbi kwenye roli. Babu Sponji alifuta miwani. Dereva alikuna kichwa. Honi aliona kwamba wangeweza kusema ni bahati mbaya na mkaguzi angepita zake.

"Mimi," alisema. "Nilifunga magurudumu gundi haijakauka. Nilijua na sikusema. Lilianguka, na kabini ya mwenzangu ikaharibika."

Mkaguzi alimtazama kutoka juu hadi chini. "Na sasa?"

"Sasa imekauka."

Walipakia mfuko wa mchanga. Mkaguzi akaongeza tofali juu yake, kwa kusudi. Filimbi ikalia, Honi akaliachia roli. Liliteremka likiyumba kwa uzito na kabini yake ya aibu mbele, likafika chini, likaendelea mpaka likagonga ukuta. Ekseli ya nyuma haikusogea hata unywele.

Hawakupata zawadi. Kabini iliwapunguzia alama nyingi, na roli jekundu la kundi jingine likachukua nafasi ya kwanza. Honi aliumia, na hakuficha. Dereva aliliokota roli, akaligeuza, akaijaribu ekseli kwa kidole gumba kwa nguvu zake zote.

"Imeshika," alisema. "Wiki ijayo utakuja na makopo mawili matupu. Nitakufundisha kukunja bati. Kabini mpya unaitengeneza wewe."

"Itachukua muda gani?" Honi aliuliza, na Plagi akaangua kicheko.

Walipokuwa wakifungasha, Shangazi alimsogeza Honi kando.

"Gari zima la mwakani ni lako," alisema. "Nilikuahidi ekseli ikishika, na imeshika. Lakini nataka ukumbuke hivi, mwanangu. Kila mtu huwa na haraka, hata mimi nimewahi kupaka rangi juu ya rangi mbichi. Kosa la haraka tulilikwangua kwa kisu tukaanza upya, jioni moja likaisha. Kosa la kunyamaza lilikuwa karibu litung'olee Babu pale mezani. Ekseli ikichomoka tunairudisha. Mtu akiondoka kwa kosa lisilo lake, hakuna gundi ya kumrudisha, ila mwenye kosa aseme."

Honi alimtazama Babu Sponji, aliyekuwa akimweleza mkaguzi, taratibu na kwa visa vingi, jinsi ya kuchanganya gundi. Mkaguzi alionekana ana haraka ya kuondoka. Honi alikwenda akasimama karibu nao, akamsikiliza Babu mpaka alipomaliza.